Ukungu wa akili kwenye ugonjwa sugu: namna ya kutumia vitu vya kushusha inflamesheni bila kujiongezea balaa

Siku moja nilisahau neno kijiko. Nilikuwa nimekishika mkononi kabisa, nikabaki namwambia mwanangu niletee kingine kama hiki, hiki cha kukorogea, akacheka akidhani namtania. Kama unaishi na lupasi (kinga inayoshambulia mwili wenyewe), baridi yabisi, fibromayaljia (maumivu ya mwili mzima yasiyoisha), Covid ya muda mrefu au ugonjwa wowote wa kinga usioisha, nadhani sihitaji hata kueleza zaidi. Ukungu wa akili sio ule usahaulifu wa funguo. Hapa unasoma sentensi moja mara nne na ukifika kwenye nukta hukumbuki ilianzaje, mtu anaongea unaona mdomo unacheza lakini maneno yanafika yamechelewa, na jioni umechoka kama mbeba mizigo wakati siku nzima umekaa.

Alafu ukilalamika tu, kila mtu ana dawa. Kunywa manjano, meza mafuta ya samaki, acha sukari, acha ngano, jaribu hiki na kile. Mimi nilivichukua vyote kwa mpigo, vitu vitano ndani ya wiki moja, na baada ya wiki tatu tumbo linawaka, usingizi umekata, kichwa kimepata nafuu kidogo lakini sijui nimshukuru nani na nimlaumu nani. Nikaacha vyote, nafuu nayo ikaondoka, nikarudi sifuri. Kwahiyo huu mwongozo ni wa namna ya kutumia vitu vya kushusha inflamesheni, yaani ule moto ambao kinga ya mwili inauwasha, kwa utaratibu, kimoja kimoja. Mimi sio daktari, ni mgonjwa wa siku nyingi aliyesoma sana kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, chochote cha kumeza utakachokiona humu kipitishe kwanza kwa daktari au mfamasia anayejua dawa zako zingine.

Moto unafikaje kichwani

Kumbuka unavyokuwa ukiwa na mafua makali. Hutaki watu, unataka kulala tu, hesabu ndogo inakushinda. Virusi vya mafua kwa kawaida havijaingia kwenye ubongo hapo, ni kinga yako imemwaga kemikali zinazoitwa saitokini kwenye damu, na ubongo unapata taarifa, nyingine kwa njia ya damu na nyingine kupitia neva ya vegasi inayounganisha ubongo na viungo vya kifuani na tumboni. Chembe za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe, wanaziita maikroglia, nazo zinaamka. Watafiti wamewahi kuwachoma watu wazima wenye afya zao chanjo ya taifodi makusudi ili wawashe inflamesheni ndogo ya masaa machache, na watu wale wakajikuta wamechoka na moyo umeshuka bila kuumwa chochote. Kwa mtu wa mafua moto unazimika baada ya siku kadhaa. Kwetu sisi unabaki unafuka moshi miezi na miaka.

Hiyo ndo hoja ya kutumia vitu vya kushusha inflamesheni, na ni hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba sio kila moshi unatoka kwenye moto huo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni inflamesheni kweli

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi tunaporuka, tunataka kufika kwenye vidonge haraka.

Omba vipimo vya damu vya kawaida kabisa: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini B12, vitamini D, homoni ya thairoidi (TSH), sukari, figo, ini, na vile viwili vya inflamesheni yaani CRP na ESR. Upungufu wa madini chuma peke yake unaleta ukungu, B12 ikishuka inaleta ukungu, thairoidi ikilala inaleta ukungu mzito sana, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachotibiwa na manjano. Kuna mtego kwenye feritini: inapanda mwili ukiwa na inflamesheni, kwahiyo mgonjwa wa baridi yabisi anaweza kuonekana ana feritini ya kawaida huku chuma kimemwishia, muulize daktari kama inabidi kupima na vipimo vingine vya chuma. Na kama unameza metformini kwa ajili ya sukari au omeprazoli kwa ajili ya tumbo kwa miaka, zote mbili zinaweza kushusha B12, mtajie daktari.

CRP ikirudi ya kawaida usivunjike moyo wala usianze kujiona mwongo. Kwenye lupasi hasa, CRP mara nyingi haipandi sana hata ugonjwa ukiwa umechachamaa, na fibromayaljia haionekani kabisa kwenye kipimo hicho. Inasaidia ikiwa juu, ikiwa chini haimalizi kesi.

Baada ya damu, fungua mfuko wako wa dawa. Amitriptilini, gabapentini, pregabalini, topiramati, tramadoli, dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, na dawa za aleji za kizamani kama klorfeniramini na difenhidramini, zote zinaweza kukufunika kichwa. Za aleji ndo zinachekesha kwa kweli, mtu anameza klorfeniramini kila usiku kwa ajili ya mafua ya vumbi alafu asubuhi anatafuta dawa ya ukungu, wakati kuna setirizini, loratadini na feksofenadini ambazo kwa wengi hazisinziishi kiasi hicho. Ila sikiliza, usiache chochote ghafla. Pregabalini na jamii ya diazepamu ukizikata kwa siku moja unaweza kupata degedege, zinapunguzwa polepole na daktari.

Kama unakoroma sana na unaamka umechoka, waambie wakuangalie kukatika pumzi usingizini.

Alafu kuna kipimo kimoja cha nyumbani ambacho kilinifungua macho. Lala chali dakika 10 umetulia, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Simama ukiwa umeegemea ukuta, mtu awe karibu akudake ukizimia, hesabu tena baada ya dakika 2, 5 na 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu (kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 ni 40), na kichwa kinazidi kujaa ukungu unavyoendelea kusimama, peleka hizo namba kwa daktari. Inaweza kuwa POTS, hali ambayo moyo unakimbia ukisimama na ubongo haupati damu vizuri, na ipo sana kwa watu wa Covid ya muda mrefu. Njia zake ni maji, chumvi kama daktari ameruhusu, soksi za kubana na dawa zake, sio kapsuli za mitishamba. Kama ukungu wako unapungua ukilala na unarudi ukisimama, anzia hapo.

Na kitu cha haraka haraka kabla hatujasonga: kuchanganyikiwa kwa ghafla, mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, homa na shingo kukakamaa, degedege, au kichwa kuuma kuliko siku zote ulizowahi kuumwa, hiyo ni hospitali muda huohuo, usisubiri.

Hatua ya 2: Wiki mbili za daftari kabla hujaanza chochote

Najua inaboa. Lakini bila hii utakuwa unabahatisha kama mimi nilivyobahatisha.

Kila siku saa ileile, chagua saa ambayo kichwa huwa kibaya, jipe alama ya ukungu kuanzia 0 mpaka 10. Alafu fanya jaribio moja la dakika moja: weka saa, taja majina mengi uwezavyo ya kundi moja, leo wanyama, kesho vitu vya jikoni, keshokutwa majina ya watu yanayoanza na M, hesabu umefikisha mangapi. Madaktari wa ubongo wanatumia jaribio la namna hii, na uzuri wake huwezi kujidanganya sana. Badilisha kundi ili usije ukakariri orodha. Usijilinganishe na mtu mwingine, jilinganishe na wewe wa wiki iliyopita.

Pembeni andika masaa uliyolala, maumivu, ulichofanya jana yake, na kama ni mwanamke siku ya mzunguko. Usiandike insha, utaacha siku ya nne. Maneno matano yanatosha. Ukishindwa kushika kalamu jirekodi sauti kwenye simu.

Baada ya wiki mbili angalia ukungu unafuata nini. Wangu ulikuwa unafuata maumivu ya viungo kwa siku moja nyuma, yaani viungo vikiwaka leo kichwa kinazima kesho, na hiyo ndo iliyonipa imani kwamba kwangu moto una mkono wake. Rafiki yangu mwenye ugonjwa uleule, wake ulifuata usingizi tu, viungo viume visiume. Sisi wawili hatuwezi kutumia dawa moja.

Hatua ya 3: Dawa ya ugonjwa wenyewe ndo namba moja

Watu hawapendi kusikia hii maana sio mpya. Lakini haidroksiklorokwini kwa mtu wa lupasi, methotreksati au sindano za kibayolojia kwa mtu wa baridi yabisi, hizo zinakata moto kwenye chanzo, hakuna kapsuli ya dukani inayozikaribia. Kama unaruka dozi kwa sababu zinachosha, kabla ya kununua chochote rudi kwenye dozi wiki sita alafu angalia daftari.

Methotreksati ina kawaida ya kuwaletea wengine ukungu wake yenyewe, siku moja au mbili baada ya dozi. Ukiiona hiyo kwenye daftari usiiache kimyakimya, mwambie daktari, kuna kuongeza asidi ya foliki, kuna kumeza jioni, kuna kuhamia sindano. Na ni dawa ya mara moja kwa wiki, kuimeza kila siku kwa makosa kumeshaua watu.

Hatua ya 4: Usingizi na kujigawa

Usingizi ukikosekana saitokini zinapanda hata kwa mtu mzima wa afya, sasa fikiria wewe. Sina maajabu ya kukupa hapa: saa moja ya kuamka kila siku hata wikendi, chumba giza, kafeini iishe mchana. Kama unatumia prednisoni meza asubuhi na chakula, ukiimeza jioni utakesha unahesabu dari.

Mazoezi ni suala la kuangalia wewe ni nani. Kwa watu wengi wa baridi yabisi na lupasi iliyotulia, kutembea kidogo kidogo kila siku kunashusha inflamesheni, misuli ikifanya kazi inatoa kemikali zake zinazotuliza. Lakini kama siku moja au mbili baada ya kujituma unaanguka kabisa, ukungu unakuwa ukuta, mwili kama umepigwa, wewe unaweza kuwa kwenye kundi la ME/CFS (ugonjwa wa uchovu sugu) na wengi wa Covid ya muda mrefu, na kwenu kujilazimisha kunadhuru. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, kwenye mwongozo wake wa 2021 iliondoa kabisa yale mazoezi ya kuongeza kila wiki kwa wagonjwa wa ME/CFS. Nyie kazi yenu ni kujigawa: fanya nusu ya unachoona unaweza, pumzika kabla hujachoka. Na kazi ya kichwa nayo inahesabika, simu ya dakika 40 na ndugu anayelalamika ni mazoezi tosha.

Hatua ya 5: Chakula, bila kujitesa

Kinachofanana kwenye tafiti nyingi za inflamesheni ni mlo wa aina ya nchi za Mediterania: mboga za majani nyingi, matunda, jamii ya kunde, nafaka isiyokobolewa, karanga, mafuta ya zeituni, samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki, nyama nyekundu kidogo, vitu vya viwandani na vinywaji vya sukari kidogo kabisa. Badilisha kitu kimoja kwa wiki. Ukianza na vinywaji vya sukari mara nyingi utaona tofauti mapema, kwa sababu tu sukari haipandi na kuporomoka mchana.

Ule mtindo wa kufuta ngano, maziwa, nyanya, mayai, kila kitu kwa pamoja, mimi siushabikii. Mgonjwa sugu tayari anapungua, unamfutia nusu ya sahani, anaishiwa chuma na protini, alafu ukungu unaongezeka wanamwambia ni sumu inatoka. Kama unashuku chakula fulani kitoe hicho kimoja wiki tatu, kirudishe, angalia daftari. Ila kama unashuku ngano, pima kwanza ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na ngano) kabla hujaiacha, maana ukishaiacha kipimo kinaweza kudanganya.

Hatua ya 6: Saplimenti, moja baada ya nyingine

Kanuni: moja kwa wakati, isizidi moja mpya kwa wiki nane hivi, na usianze wiki ambayo daktari amekubadilishia dawa.

Mafuta ya samaki mimi ningeyaweka mbele. Kwenye baridi yabisi yana ushahidi wa kupunguza maumivu ya viungo kwa dozi ya gramu 2 mpaka 3 za omega-3 kwa siku, kwenye ukungu wenyewe ushahidi ni mwembamba, lakini kama ukungu wako unafuata viungo kama wangu ina mantiki kujaribu. Mtego uko kwenye lebo. Mbele wanaandika 1000 mg kwa herufi kubwa, hiyo ni mafuta yote. Geuza chupa, tafuta EPA na DHA, ambazo ndo omega-3 zenyewe, ujumlishe, kapsuli nyingi za kawaida ni 180 na 120, jumla 300 tu. Maana yake kufikia gramu 2 unahitaji kapsuli sita saba, bora kutafuta iliyokolezwa. Yape wiki 8 mpaka 12, yanaingia kwenye chembe polepole. Dozi kubwa imehusishwa na moyo kwenda bila mpangilio, kwahiyo mwenye historia ya moyo au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza.

Manjano sasa. Kiambata kinachosifiwa ni kukumini, na kwenye unga wa manjano kipo asilimia 3 hivi, kwahiyo kijiko cha chai kizima kinakupa kama miligramu 100, wakati majaribio mengi yanatumia miligramu 500 mpaka 1000 na zaidi kwa siku. Tena mwili unaifyonza vibaya sana. Ndo maana wanaongeza piperini ya pilipili manga, kuna utafiti wa 1998 ulioonyesha miligramu 20 za piperini zinapandisha ufyonzwaji karibu mara 20. Safi, ila piperini haichagui, inaweza kupandisha na dawa zako zingine kwenye damu. Na tangu hizi kapsuli za kufyonzwa sana zishike soko, madaktari wa Marekani, Italia na Australia wameripoti wagonjwa walioumia ini kwa sababu yake. Ni wachache, lakini wapo. Kwahiyo manjano kwenye mboga weka unavyopenda, kapsuli ni habari nyingine: usitumie kama una shida ya ini au mawe ya nyongo, au unameza wafarini ya kuzuia damu kuganda, na ukiona mkojo umekuwa mweusi, macho ya njano, au ngozi inawasha bila sababu, acha siku hiyohiyo ukapime ini. Wanaotumia methotreksati, ini lenu tayari lina mzigo, mimi nisingewashauri kapsuli hizi kabisa.

Wa lupasi kaeni mbali na mimea ya ekinasia na alfalfa. Zinauzwa kama za kujenga kinga, na kinga yenu haihitaji kujengwa, inahitaji kutulizwa.

Na nikuombe kitu. Ukikutana na saplimenti ya viungo inayosemwa ni mitishamba mitupu na ndani ya siku mbili maumivu yamekata, kichwa kimefunguka, unahisi una miaka 20, simama. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupima saplimenti za namna hiyo na kukuta ndani yake deksamethasoni na dawa ya maumivu ya diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi kali. Ukiwa umeitumia muda mrefu bila kujua alafu ukaiacha ghafla, tezi zako zinakuwa zimesahau kutengeneza homoni yake na unaweza kuzimika. Usiiache kimyakimya, ibebe na chupa yake umpelekee daktari.

Hatua ya 7: Ibuprofeni na ndugu zake

Swali ninaloulizwa sana: kama ni moto, si nimeze tu ibuprofeni kila siku? Hapana. Ibuprofeni, naproksini na diklofenaki zinazuia vimeng'enya vya COX vinavyotengeneza kemikali za maumivu, zinapunguza maumivu na uvimbe wa viungo, na siku ambayo maumivu ndo yamekuibia akili zinaweza kukurudishia kiasi. Lakini saitokini zinazosumbua ubongo kwa sehemu kubwa haziguswi. Marekani waliwahi kuwapa wazee zaidi ya 2,500 wenye ndugu waliougua Alzheimer's (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) naproksini, selekoksibu ya familia hiyohiyo au kidonge bandia, utafiti uliitwa ADAPT, dozi zikasimamishwa Desemba 2004 kwa hofu ya moyo, na majibu yalipotoka akili za waliomeza dawa hazikuwa bora kuliko za wengine.

Kwahiyo zitumie kama dawa ya maumivu, siku chache, na chakula, dozi ndogo inayofanya kazi. Bila cheti cha daktari ibuprofeni kwa mtu mzima isizidi 1200 mg kwa siku, yaani 400 mara tatu. Usiguse kama una vidonda vya tumbo, figo dhaifu, moyo dhaifu, mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama uko kwenye dawa za presha pamoja na za kukojoa mchanganyiko huo unaweza kuangusha figo. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki ukidhani ni dawa mbili tofauti, ni familia moja. Wa methotreksati ulizeni kwanza. Na kitu ambacho wengi hatukijui: kwa watu wa lupasi hasa, ibuprofeni mara chache sana inaweza kuleta homa ya uti wa mgongo isiyo ya vijidudu, masaa machache baada ya kumeza unapata homa, shingo inakaza, kichwa kinachanganyikiwa. Dawa uliyomeza kupunguza ukungu ndo imeleta.

Parasetamoli ni salama zaidi tumboni lakini sio ya kushusha inflamesheni, ni ya maumivu na homa.

Hatua ya 8: Za kuuliza kwa daktari

Naltreksoni dozi ndogo ndo inayozungumzwa sana. Dawa yenyewe ni ya zamani, Marekani iliidhinishwa 1984 kwa miligramu 50 kusaidia watu kuacha heroini na jamii yake. Kwa dozi ndogo, kwa kawaida 1.5 mpaka 4.5 mg usiku, inadhaniwa inatuliza zile maikroglia. Denmaki walifanya jaribio la wanawake 99 wenye fibromayaljia, 6 mg kwa wiki 12: kwenye maumivu haikuipita dawa bandia kwa maana yoyote, ila matatizo ya kumbukumbu ndo yalionekana kupungua kidogo. Ni dalili, sio uthibitisho, lakini kwa sisi wa ukungu inafaa kuulizwa. Haiendi kabisa na tramadoli, kodeini wala mofini, na wiki za mwanzo ndoto zinakuwa sinema.

Kwa Covid ya muda mrefu kuna madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliojaribu dawa ya presha ya guanfasini pamoja na saplimenti ya NAC 600 mg kwa wagonjwa 12, wengi wakasema wamefunguka. Hakukuwa na kundi la dawa bandia, kwahiyo ichukue kwa tahadhari. Guanfasini inashusha presha, mwenye POTS unaweza kulala chini.

Steroidi za vidonge zinaweza kufungua kichwa haraka wakati ugonjwa umelipuka, na hizohizo zikikaa zinavuruga usingizi, hasira na kumbukumbu. Ni za kuzima mlipuko, kwa mpango, na zinashushwa ngazi kwa ngazi. Usiazime za jirani.

Hatua ya 9: Kuamua kibaki nini

Muda wa kitu ulichokijaribu ukiisha, chukua wastani wa alama za wiki mbili za mwanzo na wastani wa wiki mbili za mwisho. Kama umetoka 7 ukaja 6.8, hicho hakikusaidia, hata kama ulikinunua ghali na aliyekushauri ni mtu mnayeheshimiana. Kama umeshuka alama mbili hivi na majina ya dakika moja yameongezeka, kiache wiki tatu kama ni kitu kinachoachika salama kama mafuta ya samaki, uone ukungu unarudi au la. Ukirudi, umepata chako. Usipofika hata wiki ya pili kwa sababu tumbo limegoma, andika tarehe na kilichotokea, usije ukakinunua tena mwakani umeshasahau (mimi nimefanya hivyo, chupa mbili zilezile, na zote zilinitibua).

Siku ya kliniki usiende na daftari zima, hatasoma mtu. Andika karatasi moja usiku uliotangulia ukiwa na akili: ukungu ulianza lini, unafuata nini, umejaribu nini kwa dozi gani kwa wiki ngapi, alama kabla na baada, dawa zote unazomeza pamoja na za mitishamba, na swali moja tu unalotaka lijibiwe. Swali liweke juu kabisa, maana ukifika mbele ya daktari kichwa kitazima na utasema uko vizuri.